Sauti ya Gelasius

Alasiri moja mwaka 1974, Eufrazia alikuwa amekaa uani kwake Majengo, mjini Mpanda, akipepeta mchele, aliposikia mumewe akikohoa chumbani, kisha akaanza kuimba taratibu kama alivyozoea akivaa shati. Aliendelea kupepeta. Ndipo akakumbuka kwamba Gelasius alikuwa ameondoka asubuhi na lori la bendi kwenda kupiga dansi Mwese. Chumba kile alikifunga yeye mwenyewe kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga yake.

Alimbeba binti yao Theopista, ambaye bado hajaanza shule, akaenda kukaa kwa jirani. Mumewe aliporudi akamweleza, naye akacheka tu. Alisema mwanamke aliyeolewa na mwimbaji wa redioni lazima amsikie hata asipokuwepo.

Kweli alikuwa mwimbaji wa redioni. Alianzia kwaya ya parokia kwao Mpimbwe, akaja mjini, akaingia bendi ya Nyota Jazz, na wimbo wao mmoja ukachukuliwa ukapigwa hewani. Tangu siku hiyo Gelasius hakuwa mtu wa kawaida tena. Alikuza picha yake, akaitundika sebuleni pale ulipokuwa msalaba, na msalaba akauhamishia jikoni. Mtoto wa jirani alipofariki, alirudi kutoka msibani amenuna kwa sababu hakuna aliyemwomba aimbe.

Kilichomuuma zaidi ni Manyanda. Huyu alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe, mpole, mwimbaji wa pili wa bendi. Sauti yake ilikuwa nyepesi na safi, na watu ukumbini walishaanza kumwita kwa jina. Gelasius alimtaka Hilari, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, amfukuze. Hilari alikataa.

Jumamosi iliyofuata baada ya safari ya Mwese, Manyanda alisimama kuimba ubeti wake. Iliyotoka ilikuwa sauti ya Gelasius, nzito, yenye mkwaruzo uleule mwishoni mwa maneno, wakati Gelasius mwenyewe yuko pembeni na glasi mkononi, mdomo umefungwa. Watu walidhani kijana anamwigiza, wakapiga makofi. Manyanda aliachia maikrofoni, akashika koo. Alipojaribu kumwambia Hilari kwamba hajisikii vizuri, hata maneno hayo yalitoka kwa sauti ileile.

Gelasius alimsimulia mkewe kwamba kijana sasa amejua kuimba. Eufrazia alimtazama usoni, akaona kwamba hashangai.

Siku chache baadaye alikuwa akimnywesha Theopista uji. Mtoto aligeuza uso pembeni, akasema, "Mama, uji wa moto." Alisema kwa sauti ya mwanamume mzima. Kikombe kilimponyoka Eufrazia, na hapohapo akasikia harufu ya marashi ya mumewe ikijaa jikoni, marashi yaliyochanganyika na kitu kama nyama iliyolala, na mtoto, kwa kuogopa kikombe kilichovunjika, akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha baba yake, kizito, chenye mkwaruzo, kikitoka kwenye kinywa kidogo chenye meno ya maziwa.

Gelasius alitoka chumbani. Hakumkimbilia mtoto. Alisimama mlangoni amefumba macho, anasikiliza.

"Baba Theo," Eufrazia alinong'ona, "umefanya nini?"

"Mwache alie kidogo," alisema mumewe. "Sikiliza anavyoshuka chini. Ni mimi kabisa."

Majirani wakaacha kuja kuomba moto. Watoto wa mtaani wakamkimbia Theopista, naye akajifunza kunyamaza, akawa anaonyesha kwa kidole. Usiku alipoota na kuongea, Eufrazia alimziba mdomo kwa kiganja huku yeye mwenyewe analia.

Mwishowe alitembea hadi Kasokola kumwita Bibi Romana, mwanamke wa makamo aliyejulikana kwa kushughulika na majini. Romana alikuja mchana, akaketi mkekani, akamshika Gelasius mkono, akamuuliza mpaka akasema. Lori lilikwama njia ya Mwese, Gelasius alieleza, na wenzake walipokuwa wanalisukuma, yeye alipanda kilimani kwenye pango, akaimba. Mwangwi ulimrudishia sauti nzuri kuliko aliyoitoa. Ukamsifu. Kisha ukamuuliza anataka nini, kwa sauti yake mwenyewe.

"Ukajibu nini?" Romana aliuliza.

"Nikasema nisikike mimi tu."

Romana aliuachia mkono wake. Alisema dawa ya kufukiza itasaidia kidogo tu, maana jini huyo hakuvamia, alikaribishwa, na anaishi kwa kile alichoombwa. Njia ilikuwa moja. Gelasius akae kimya mbele ya watu, Manyanda aimbe wimbo mzima hadi mwisho, kisha Gelasius aseme kwa moyo wake kwamba mwenzake ameimba vizuri. Jini atakosa pa kushika, ataondoka, na kila mtu atarudishiwa sauti yake.

"Ni hivyo tu?" Gelasius aliuliza.

"Ni hivyo tu," Romana alijibu, lakini alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa mahututi.

Jumapili baada ya misa walikusanyika uani. Alikuja Hilari na gitaa lake, wakaja majirani wachache waliojikaza, rozari mikononi. Eufrazia alimpakata Theopista. Romana alichoma ubani, akampa Manyanda ishara. Kijana, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu siku ile ya dansi, aliinamisha kichwa akaanza.

Mwanzo ilikuwa sauti ya Gelasius, na watu wakatazama chini. Kwenye ubeti wa pili mkwaruzo ukaanza kulegea, ikasikika nyingine chini yake, nyepesi, inayotetemeka kama inayotoka kitandani baada ya ugonjwa, na Manyanda alipojisikia machozi yakamtoka lakini hakuacha, akaimba, na majirani wakainua vichwa mmoja mmoja, wakasogea karibu naye, wakasahau moshi na jini na kilichowaleta, na mapajani mwa Eufrazia Theopista akacheka, kicheko chembamba cha mtoto wa kike, chake mwenyewe, ambacho mama yake alikuwa ameanza kukisahau.

Eufrazia alimtazama mumewe. Gelasius alikuwa amekisikia. Alimtazama binti yake, kisha akawatazama majirani, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyemwangalia yeye. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Baba Theo, nakuomba," mkewe alinong'ona. "Bado ubeti mmoja tu."

Alijaribu. Wote waliokuwepo walikubali kwamba alijaribu. Lakini Manyanda alipopanda kwenye ile noti ya juu ambayo Gelasius hakuwahi kuifikia, na Hilari akasema polepole, "Uwiii, kijana huyu," Gelasius alisimama, akafungua kinywa, akaimba juu yake.

Ubani ukazimika. Manyanda akawa bado anasogeza midomo, ila sauti ilikuwa moja tu. Mama mmoja akaanza kusali Salamu Maria, na iliyotoka ilikuwa sauti ya Gelasius, wengine wakaitikia kwa hofu na wote waliitikia kwa sauti ileile, na Bibi Romana aliponyoosha mkono kuwaambia nyie nyamazeni, naye akasema kwa sauti ya Gelasius, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na katikati ya uani, harufu ya marashi yaliyooza ikiwazunguka, Gelasius alikuwa amefumba macho na anatabasamu, kama mtu anayeitikiwa na ukumbi mzima.

Eufrazia hakusema neno. Alimbeba mtoto akatoka, na siku ya pili akapata lifti ya kwenda kwao Mpimbwe.

Nyota Jazz ilivunjika. Manyanda alirudi kuchunga ng'ombe, anawaita kwa mluzi. Waliopita Majengo miaka ile walimwona Gelasius barazani, amekonda, redio sikioni, akiwaambia wapita njia kwamba kila stesheni inampiga yeye.

Eufrazia aliishi kwa mama yake Pelagia, akilima mpunga, bila kusema. Watu walidhani majonzi yamemfanya bubu. Ukweli ni kwamba hakujua. Ile siku ya uani, sauti ilipowashika wote, yeye alikuwa amefunga mdomo, na tangu hapo hakuthubutu kuufungua ili ajue sauti yake ilinusurika au la. Theopista alikua kando yake, wote wawili kimya.

Mwaka 1978 Pelagia aliugua. Macho yalikuwa yamemwacha, na siku ya mwisho aliomba kitu kimoja, amsikie mwanawe kabla hajaenda. Aliomba tena na tena, anapapasa hewani. Eufrazia aliinama sikioni mwake.

"Mama," alisema, "niko hapa."

Mkono wa mama yake ulisimama.

"Karibu, mkwe," Pelagia alisema. "Eufrazia wangu umemwacha wapi?"