Filamu ya Kila Kiti

Ukumbini mlikuwa na watu mia mbili na kumi, pazia moja la sinema, na filamu mia mbili na kumi.

Hiyo ndiyo kazi ya Kisomamoyo, mtambo ambao mhandisi Tanusri Bagchi aliuhangaikia miaka tisa jijini Kolkata. Kila mtazamaji alivaa miwani nyepesi, akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti. Kiti kilisoma mapigo ya moyo, na mtambo ukaifinyanga filamu upya papo hapo. Asiyechekeshwa na mzaha huu aliletewa mwingine. Aliyekwisha kumshuku mpishi alibadilishiwa muuaji.

Siku hiyo ya majaribio ilionyeshwa filamu ya vichekesho na upelelezi, aina ambayo Wabengali wa jiji hilo hawaishiwi hamu nayo: mpelelezi mnene, mwoga wa paka, anamsaka aliyemtilia sumu mwenye duka la vitamutamu. Safu ya tatu Tanusri alimketisha baba yake, Mzee Haripada, kondakta mstaafu wa tramu. Maisha yake yote mzee huyo alikuwa akitoka sinema na kubishana na wenzake hadi chai inapoa.

Dakika ya sita akaangua kicheko. Hakuna aliyemwitikia, jirani zake walikuwa kimya, kila mmoja ndani ya filamu yake. Mzee akatazama kushoto na kulia, akaona haya, akaziba mdomo.

Kisomamoyo hakikujua haya ni nini. Kilidhani mzaha umedoda, kikaleta mwingine. Kicheko cha huo nao mzee akakimeza. Mtambo ukaacha mizaha, ukaanza kutafuta kingine cha kumgusa.

Filamu ilipokwisha watu walitoka wakitabasamu, kila mtu kivyake. Mzee Haripada alitoka na macho mekundu.

"Baba, kulikoni? Si kichekesho hiki?"

"Na wewe umemwona mama yako?"

Tanusri akasimama. Mama yake alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Mke wa mpelelezi," mzee alisema. "Mwanzoni hakuwa yeye. Lakini kila nilipomtazama alizidi kufanana naye, mpaka lile pengo la jino."

"Mtambo haumjui mama, Baba. Ulikuwa ukijaribu sura moja baada ya nyingine, ukifuata moyo wako."

"Basi umeufuata vizuri."

"Na muuaji alikuwa nani?"

"Nani alikuwa na habari naye?" Akamshika binti yake mkono. "Kesho nirudishe, mwanangu. Peke yangu."

Mtu ambaye hajawahi kwenda sinema peke yake! Mezani kwa Tanusri kulikuwa na hati iliyongoja sahihi yake tu, mtambo usambazwe kwenye kumbi arobaini.

"Nitakizima Kisomamoyo, Baba."

"Ukikizima," mzee alisema bila hasira, "utakuwa umemzika mara ya pili."

Asubuhi Tanusri alikizima kwa mkono wake, na hati akairudisha bila sahihi. Majuma mawili baba yake alikula akiwa amempa mgongo.

Jioni moja akageuza kiti.

"Mama yako," alisema, "alipanda tramu yangu kwa makosa. Akanitukana kuanzia kituo cha Shyambazar mpaka mwisho wa njia. Tulipofika, akagundua ndiko alikokuwa anakwenda."

Akaanza kucheka kabla hajamaliza, na Tanusri naye akacheka, wakati uleule.