Jogoo wa Hulda na Kifua cha Otiende

Otiende ni fundi wa cherehani mtaa wa Langas, Eldoret. Mwaka huu, akikanyaga cherehani dakika kumi tu, pumzi inakata. Hospitalini waliona kuwa mlango mmoja wa moyo wake umeharibika. Lazima apasuliwe, la sivyo moyo utashindwa kabisa.

Kisha wakamwomba aingie kwenye utafiti. Ili kuufikia moyo, daktari hukata mfupa wa kifua. Wengine baadaye huunganishwa mfupa kwa nyaya peke yake. Wengine hupata nyaya na bamba dogo la chuma. Kompyuta ndiyo ingechagua nani apate nini.

"Kompyuta!" Hulda, mkewe, alifoka. "Kifua cha mume wangu ni cha kuchezea kamari?"

Huyu Hulda kwake hakuna jambo lisilowezekana ukijuana na mtu. Jumatatu akamfunga jogoo miguu, akamtia kikapuni, akaenda kwa Sista Nanzala, muuguzi wa utafiti.

"Sista, kuku wako huyu," alinong'ona. "Mzee wangu muweke kwa wale wa bamba."

Jogoo akawika. Ofisi nzima ikageuka. Aibu iliyoje!

Nanzala alicheka kidogo. "Mama, nani amekuambia bamba ni bora?"

"Si ndilo jipya?"

"Hata sisi hatujui. Ndiyo maana tunapima. Wewe unalima?"

"Nalima huko Soy. Mwaka juzi nilijaribu mbegu mpya kando ya boma la ng'ombe. Wee! Mahindi yalikuwa makubwa. Mwaka jana nikaipanda shamba lote. Sikupata kitu."

"Kwa hivyo kilichofanya vizuri ni mbegu, ama ni mbolea ya ng'ombe?"

"Mbolea," Hulda akasema polepole.

"Basi. Tukiweka watu wetu, ama wenye nguvu, upande mmoja, tutadanganyika hivyo hivyo. Kompyuta haina ndugu, na haili kuku."

"Na akikataa? Mtamfukuza?"

"Hapana. Atapasuliwa tu, na atatunzwa vile vile. Hata akikubali, anaweza kutoka wakati wowote. Lakini uamuzi ni wake, Mama, si wako. Na huyu kuku rudi naye."

Kesho yake Otiende alienda mwenyewe. Aliuliza hatari ni gani. Nanzala hakumficha: kwa njia zote mbili kidonda kinaweza kuoza, na mfupa unaweza kuchelewa kushikana. Otiende alibeba karatasi, akaisoma nyumbani siku mbili. Halafu akatia sahihi.

Kompyuta ikachagua nyaya peke yake. Hulda aliumia, siwezi kuficha. Alimtazama jogoo, akatazama kikapu. Lakini mara hii hakumfunga miguu.

Upasuaji ulienda vizuri. Baada ya miezi minne, Otiende alikuwa anashona sare za shule bila kuhema. Kila mara hospitali ilimwita, wakampima kifua, wakaandika.

Siku moja jirani yao Akumu alikuja mbio. Dada yake naye ameombwa kuingia utafiti huo.

"Hulda, nimwambie aombe nyaya, si ndiyo? Si Otiende amepona?"

"Otiende amepona, na namshukuru Mungu," Hulda alisema. "Lakini yeye ni hindi moja tu. Shamba bado halijavunwa. Mwambie dada yako aulize maswali yake yote, halafu aamue mwenyewe."

Nje, jogoo akawika.

"Na asibebe kuku," Hulda akaongeza.