Gita Katika Chumba cha Cherehani

Jioni nyumbani kwa mshonaji ilikuwa na milio miwili. Yeye alikanyaga cherehani chumbani. Mumewe, fundi bomba, alinawa mikono, akakaa sebuleni na kupiga gita. Alikuwa mtu wa maneno machache. Gita ndilo lililomsemea, na waliopita dirishani walipunguza mwendo.

Basi shule moja ya muziki ikatafuta mwalimu wa gita. Anayetaka kazi atume video akipiga. Mshonaji akajiandaa kama anayepokea wakwe. Akaondoa mapazia ili mwanga uingie. Akakunja zulia, akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Makochi akayatoa nje, sebule ionekane kubwa. Simu akaiweka juu ya friji, kule mbali, ili kila kitu kionekane. Mumewe akapiga vizuri hadi mkewe akasahau kufunga mdomo.

Jibu la shule lilikuwa fupi. Gita halisikiki. Kama ana video nyingine, mwisho ni kesho.

Fundi akaliegemeza gita ukutani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma mkewe.

"Mama watoto, huenda mikono hii ni ya mabomba tu," alisema. "Tuache."

Mshonaji hakuacha. Alivuka njia hadi kwa wifi yake, dada wa fundi, ambaye kazi yake ni kurekodi vipindi vya redio. Wifi akaja na spika za masikioni. Akaisikiliza video yote, macho ameyafumba, kisha akampa mshonaji naye asikilize. Kulikuwa na ngurumo isiyokoma. Gita lilikuwa mbali, kama linapigwa ndani ya pipa.

"Kaka yangu amepiga vizuri, ila mmemzika," wifi alisema. "Umeyapambia macho sebule nzima. Masikio umeyaandalia nini?"

Mshonaji akajibu kwamba angejua masikio nayo ni wageni, angeyapikia.

Wifi akacheka, kisha akaeleza. Ngurumo ile ni ya friji na feni. Sisi tumeizoea, hatuisikii tena. Simu haijazoea kitu, inabeba kila sauti. Tena ukuta mtupu na sakafu tupu hurudisha sauti, kama mpira unavyodunda. Sauti inayotoka ikikutana na ile inayorudi, muziki unavurugika. Vitu laini, kama mapazia, zulia, godoro na nguo, huinywa sauti isirudi.

Akapiga kofi moja sebuleni. Kofi likajibu. Akapiga jikoni, likajibu zaidi. Akafungua chumba cha cherehani, akapiga tena. Kofi likafa palepale.

"Hapa," alisema.

Mshonaji akaziba mlango kwa mwili wake. Ndani, magauni yasiyo na mikono yalining'inia kila upande. Majora ya vitambaa yaliegemea ukuta, na vipande vilijaa sakafuni. Akasema watu wa shule hawataiona fujo ile yeye akiwa hai.

"Mficha uchi hazai, wifi. Wanatafuta mkono wa kaka yangu, hawatafuti sebule."

Mshonaji akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Akapisha mlango.

Wakazima feni, wakafunga dirisha. Wakachomoa friji, na mshonaji akaifunga kitambaa chekundu asisahau kuirudisha. Wifi akawaonyesha tundu dogo chini ya simu. Hilo ndilo sikio lake, na kava lilikuwa limelifunika nusu. Akalivua kava. Akaizuia simu isipokee wito wala ujumbe. Akaisimamisha juu ya kigoda, imekalia kitambaa kilichokunjwa, hatua moja tu mbele ya fundi. Akaielekeza pale shingo ya gita inapokutana na mwili wake, kwa sababu mbele ya tundu la gita mvumo huwa mzito mno.

Kisha akasema wasirekodi wimbo mzima. Kwanza wajaribu kidogo, wasikilize. Jaribio la kwanza lilikuwa na kishindo: viatu vya fundi vikigonga sakafu. Akavivua. Katika la pili, alipopiga kwa nguvu, sauti ilipasuka. Wakasogeza simu nyuma kidogo. Katika la tatu, mtu alikuwa akiimba puani. Wote wakamgeukia mshonaji.

"Kumbe mimi huimba?"

"Miaka yote," mumewe alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Safari hii mshonaji alikaa mkono mdomoni. Cherehani ilikuwa kimya. Akasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Akasikia mumewe akivuta pumzi kabla ya kupanda juu. Ameishi na muziki huu tangu ujana, na hakuwahi kuusikia mzima. Wimbo ulipokwisha, wifi aliinua kiganja, asiseme mtu mpaka uzi wa mwisho utulie.

Wakaisikiliza video, wakaituma. Friji ikachomekwa.

Kesho yake ujumbe wa sauti uliingia. Fundi akaufungua mbele ya mkewe: "Mwalimu, tumesikia kila uzi. Karibu uanze kazi Jumatatu."

Akausikiliza tena. Akaurudia tena na tena, mpaka mkewe akamuuliza ni wapi hajaelewa.

"Nimeelewa kote," alisema. "Nasikiliza neno la kwanza tu."