Mashine Iliyolisha Kengele Yake

Kila asubuhi Ayuo aliwasha mashine ya kusaga ya akina mama wa mji wa Nandom. Ilinguruma, sakafu ikatetemeka, mabeseni ya mahindi yakacheza. Lakini moyo wa Ayuo haukutulia. Mara mbili beringi, ile inayoshika mhimili unaozunguka, ilikuwa imepata joto ikaungua. Kengele ya kuonya joto likizidi ilikuwepo, ila betri zake zilikwisha bila mtu kujua. Ikiungua tena, mashine ingeuzwa kama chuma chakavu.

Siku moja fundi Ayamga kutoka chuo cha ufundi, Mfrafra, kabila la watani wa Wadagara wa Nandom, alifunga ubavuni mwa mashine ukanda mwembamba wa chuma uliobandikwa kauri maalumu, ngumu kama ya vikombe.

"Kauri hii ikipindwapindwa hutoa umeme," alieleza. "Ni kidogo, hauwashi hata balbu ya chumbani. Lakini kengele unaitosha. Mashine ikitetemeka, kengele inakula."

Wakawasha. Taa ndogo ya kengele, inayoonyesha kwamba ina umeme, haikuwaka.

"Mtani, umetuletea pambo?" Dabuo, mume wa Ayuo, alicheka. Yeye alikuwa mtengeneza marimba.

"Nyamaza, Mdagara! Chuoni iliwaka."

Ayuo hakucheka. Alizima mashine, akaupiga ukanda kwa ukucha. Ting! Ulilia kwa sauti ya juu.

"Huu unatetemeka mbio kuliko mashine," alisema. "Dabuo, ubao wa marimba ukilia juu mno, unaufanyaje?"

"Nauchonga katikati, sauti inashuka." Dabuo alichomoa kisu, akausogelea ukanda.

"Weka kisu chini!" Ayamga alipiga kelele. "Kauri itavunjika! Tuuongezee uzito nchani, utapunguza mbio." Akajishika kichwa. "Kosa langu. Niliupima kwa mashine ya chuoni, na kila mashine ina mtetemo wake. Ukanda ukienda sawa nao, ndipo unapopindika sana na kutoa umeme wa kutosha."

Akagandisha nati moja nchani. Mashine ikawashwa. Taa haikuwaka. Nati ya pili. Taa ikapepesa. Nati ya tatu, na taa ikawaka, nyekundu, bila kuzimika.

"Wii! Mfrafra ameokolewa na mke wangu!" Dabuo alirukaruka.

Siku ya tisa, foleni ikiwa ndefu, kengele ililia. Ayuo alizima mashine papo hapo. Beringi ilikuwa ya moto, grisi imekauka, lakini ilikuwa bado nzima. Aliiacha ipoe, akaipaka grisi mpya.

Mashine iliponguruma tena, akina mama walipiga vigelegele. Ayuo aliitazama ile taa nyekundu, kisha akainua beseni la kwanza.

"Haya, nani anafuata?"