Ridhaa ya Mzee Anyosisye

Buibui-tabibu, roboti mdogo wa matibabu, aliingia kupitia mshipa wa paja, akapanda taratibu hadi moyoni, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mgongoni alibeba vali mpya iliyokunjwa kama mwavuli. Alipofika penye vali ya zamani, ile iliyokakamaa hata damu ikawa inapita kwa shida, aliikunjua mpya juu yake, akaibana, akarudi alikotoka. Dakika arobaini tu, bila kisu wala mshono.

"Imeshika," daktari alisema.

Nyuma ya kioo, Lugano alilia kwa furaha. Aliyelala pale ni baba yake, Mzee Anyosisye, mpima ardhi mstaafu wa miaka themanini na mmoja.

Lugano ndiye aliyetia sahihi ya kukubali tiba hiyo, na alikuwa na haki hiyo kwa sababu ya mashine aliyoibuni mwenyewe. Kipimaridhaa kilikuwa kofia yenye nyuzi laini, iliyosoma ubongo wa mgonjwa huku ikimuuliza maswali. Aliyepata chini ya alama sitini alihesabiwa kuwa haelewi, ndugu akaamua badala yake. Hospitali zote za jiji la Mbeya zilikitumia, kuwakinga wazee wasije wakalaghaiwa. Mzee Anyosisye, aliyekuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, alipata arobaini na nane.

"Sitaki vali, mwanangu," alimwambia jioni ile baada ya kupimwa.

"Baba, bila vali humalizi mwaka. Unaelewa?"

"Kama mashine yako imesema sielewi, mbona unaniuliza?"

Akafungua kinywa aendelee. Lugano akamkatiza. "Tutazungumza ukishapona, baba."

Moyo ulipona kweli. Miguu iliyovimba ikanywea, pumzi ikarudi. Akili ndiyo iliyoendelea kuondoka. Mwaka wa pili alimwita Lugano nesi. Mwaka wa tatu aliamka kila asubuhi katika nyumba asiyoijua, akiusukuma mlango hadi vidole vikachubuka. Siku moja alimpiga mhudumu aliyetaka kumwogesha, kisha akaketi sakafuni akilia, bila kujua anachokililia.

"Vali hii itadumu miaka ishirini," daktari alisema kwa fahari. Lugano aliitikia kwa kichwa, akaenda kujifungia chooni.

Mwaka huohuo aliombwa kukiboresha kipimaridhaa, akapewa rekodi za zamani. Ya baba yake ilikuwa miongoni mwazo. Hakuwahi kuisikia. Wakati ule alisoma alama tu.

"Huu ni mwezi gani?" mashine iliuliza.

"Sikumbuki."

"Vali isipobadilishwa, nini kitatokea?"

"Nitakufa."

"Ikibadilishwa?"

"Nitaishi, lakini akili haitarudi." Sauti ya mzee ilikuwa tulivu. "Mama yangu alikwenda hivyo. Miaka tisa alituogopa sisi wanawe, tukimshika anapiga kelele. Sitaki Lugano ayaone hayo kwangu. Afadhali moyo utangulie."

"Swali linalofuata. Taja jina la daktari wako."

"Limenitoka."

Lugano alifungua jedwali la alama. Mwezi, sifuri. Jina la daktari, sifuri. Maneno yale kuhusu bibi yake hayakupata alama yoyote. Alipoiunda mashine, hakuweka mahali pa kuandika sababu za mtu.

Alikwenda nyumbani mchana uleule. Mzee alikuwa kibarazani, mashavu yamejaa, mikono ina nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mbona unalia?"

Lugano alipiga magoti mbele yake. "Baba yangu aliniambia jambo, sikumsikiliza. Nikafanya nilivyotaka mimi, naye ndiye anayeteseka. Sijui nitamwombaje msamaha."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefikwa na msiba. Akamwekea mkono kichwani.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," alisema. "Mzazi hamchoki mwanawe. Anakaa mbali?"