Injinia Aambiwa Majibu Yake

Wanafunzi wanne waliishi chumba kimoja hosteli. Walipika kwa zamu, walifua Jumamosi, na kila jioni walibishana mpaka majirani wakagonga ukuta. Mmoja wao alisomea ujenzi. Wenzake walimwita Injinia.

Injinia aliamini kwamba mtu mwenye virusi vya UKIMWI hujulikana kwa macho: amekonda, anakohoa, ngozi imeharibika. Mchumba wake, aliyesomea sheria, alinawiri. Yeye mwenyewe alicheza mpira kila siku. Mwanzoni walitumia kondomu. Walipozoeana wakaziacha. Injinia alisema kondomu ni za watu wasioaminiana, na binti hakutaka aonekane anamshuku.

Siku moja wauguzi walikuja chuoni kukusanya damu ya kusaidia wagonjwa. Injinia alikuwa wa kwanza kukunja shati. Baadaye akapigiwa simu afike kituo cha afya. Alidhani anakwenda kushukuriwa.

Muuguzi, mama wa makamo, alifunga mlango taratibu. Alimweleza kwamba damu yake imekutwa na virusi. Akampima tena. Majibu yakawa yale yale.

"Lakini mama, mimi siumwi hata mafua," Injinia alisema.

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Virusi hukaa mwilini miaka bila dalili. Macho hayawezi kukuambia. Kipimo ndicho kinachosema."

Alimweleza kwamba dawa zipo, na akizinywa kila siku ataishi, atasoma na atazeeka. Virusi vikipungua mpaka kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, hatamwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Kwa sasa atumie kondomu kila mara. Kisha akamwuliza kama ana mchumba.

Injinia aliinamisha kichwa. Kumwambia binti kulimtisha kuliko majibu yenyewe. Njiani alitunga visingizio, kimoja baada ya kingine. Vyote vilimwacha mwenzake gizani.

Alimkuta nje ya maktaba, akamwambia yote. Binti alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi alikuja hosteli, macho yamevimba.

"Nimekukasirikia," alisema. "Na nimejikasirikia mwenyewe, maana niliona aibu kuuliza. Twende nikapime."

Kipimo hakikuona virusi. Lakini muuguzi aliwaeleza kwamba maambukizi mapya huchukua muda kuonekana. Kwa kuwa walikuwa wamelala pamoja siku mbili tu kabla, binti alipewa dawa za kinga, za kuzuia virusi visishike mwilini. Muuguzi alisema dawa hizo hazifai kucheleweshwa zaidi ya siku tatu tangu kulala pamoja. Alizinywa mwezi mzima. Zilimtia kichefuchefu, lakini hakuacha. Alirudi kupima, na miezi michache baadaye akapima tena. Hakuwa na virusi.

Injinia naye hakuruka dawa hata siku za mitihani. Aliwaambia wenzake wa chumbani. Wikiendi hiyo wote watatu walikwenda kupima, na tangu hapo hakuna aliyechekwa kwa kubeba kondomu.

Mwaka uliofuata, muuguzi aliwapa wachumba hao habari njema: virusi vya Injinia havionekani tena kwenye kipimo. Walitoka nje, wakasimama kwenye jua.

"Ungeninyamazia siku ile," binti alisema, "leo ningekuwa wapi?"

Injinia alimshika mkono, wakarudi chuoni.