Maneno Yaliyobaki kwa Mama

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umefurika watu asubuhi ile. Mshonaji alipita katikati yao kama anayetembea usingizini, gauni lake la zambarau likimpepea miguuni. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kununua uzi. Kumbe alikuwa anakwenda kwa mshauri wa familia, kuuliza mtu anamwachaje mumewe bila kumvunja moyo mama mkwe anayempenda.

Kwenye benchi, nje ya mlango wa mshauri, alikaa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Mshonaji akasimama ghafla. Alikuwa mumewe, fundi saa, aliyeaga kwamba anawahi kazini.

Wakatazamana. Kelele zote za ukumbini zikawa kama zinatoka mbali, ng'ambo ya maji.

"Siku hizi uzi unauzwa huku?" akauliza fundi saa.

"Na wewe, saa za hospitali zimekufa zote?"

Wakacheka, kisha wakashtuka. Tangu siku fundi saa alipomkaripia mkewe mbele ya wateja wake wa kushona, hawakuwa wamesemeshana. Kila neno lilipitia kwa mama yake fundi saa, waliyeishi naye. Mama, mwambie mwanao maji ya kuoga tayari. Mama, mwambie mkweo leo nitachelewa. Waliishi hivyo, nyumba moja, kitanda kimoja, kama watu wawili wanaoota ndoto tofauti.

Mshauri, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mkirudi," akasema, "mje na huyo anayewabebea maneno."

Basi wakarudi na mama, amependeza kama anayekwenda harusini. Mshauri akamgeukia fundi saa.

"Chagua neno moja ulilowahi kumtuma mama. Sasa mwambie mkeo mwenyewe."

Fundi saa akakohoa. "Nilimtuma akwambie kwamba nilikosa. Jioni ile ile. Wewe ukanyamaza tu."

"Mama!" Mshonaji aligeuka. "Si uliniambia anauliza kama chai imebaki?"

Mama akajifunika uso kwa viganja. "Jamani, nihurumieni. Eti malkia wangu, bila sauti yako nyumba ni giza... Mimi mama mzima nayatamkaje hayo? Niliona haya, nikauliza chai."

"Na mimi nilipokutuma umwambie namkumbuka?"

"Nilimwambia chakula kiko mezani."

"Ndiyo maana!" fundi saa akaruka kitini. "Nilikuwa naitwa kula hata sijasikia njaa!"

"Mbona matusi yenu hamyataji?" mama akajitetea, macho yamemlowa. "Hata moja sikulifikisha. Yote nimeyameza mimi."

Mshonaji akamshika mkono mama mkwe, akaubusu. Mama akainuka, akachukua mkoba wake.

"Kazi hii nimeacha rasmi. Nawasubiri nje."

Mlango ukafungwa polepole. Pazia jepesi lilikuwa likivuta pumzi dirishani, na mshauri alisogeza kiti chake huko, akawaachia nafasi.

"Mara ya kwanza nilikuja hapa kuuliza namna ya kukuacha," mshonaji akasema.

Fundi saa alifumba macho. "Na leo?"

"Leo nataka kusikia yale mama aliyoyaonea haya. Kwa mdomo wako."

"Malkia wangu..."

"Sikusikii."

"Malkia wangu, nilikosa. Nilikuaibisha mbele ya watu wako, kisha nikamtuma mama aje kuniombea radhi kama mtoto. Bila sauti yako nyumba ni giza. Usiondoke."

Mshonaji akamsogelea. Maneno yalikuwa ya zamani, lakini yalimwingia mapya, yana joto la pumzi ya mtu.

"Sitaondoka," akasema. "Lakini ukinikaripia tena nitakujibu mwenyewe, papo hapo, uso kwa uso."

"Nijibu, mpenzi," akasema fundi saa, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola. "Nakuomba, nijibu kila siku."